Ramani Iliyo Juu ya Cherehani

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini magoti yako yanakutii, cherehani inazunguka bila kukata uzi, na jirani yetu Redio bado anakuletea habari za mtaa mzima kabla hujamaliza chai yako. Mimi ni mzima. Kiwandani kazi ni ile ile: mashati yanapita mbele yangu kwenye meza ya ukaguzi, navuta vifungo kimoja kimoja nione kama vitang'oka, na msimamizi analalamika kwamba hakuna mnunuzi mwenye mkono mzito kama wangu. Nilimfikishia salamu zako. Alicheka, akasema basi mkono huo nimeurithi.

Katika barua yako ya mwisho ulinung'unika kwamba siku hizi nakuandikia mistari mitano kama mtu anayetuma telegramu. Leo sitakupa nafasi ya kunung'unika. Barua hii ni ndefu, na nakuomba uisome kwa mpangilio, ukurasa wa kwanza mpaka wa mwisho. Nakujua. Wewe hata ukipewa gauni jipya unaanza kwa kugeuza pindo uone mshono wa ndani. Safari hii usigeuze. Keti kwenye kiti chako chenye mto, vaa miwani, na kama Redio yuko hapo mwambie kwa upole kwamba sufuria yake inaungua.

Kwanza nikupe habari ambayo sijamwambia mtu yeyote wa nyumbani. Tangu mwezi wa kwanza nimekuwa nikisoma Kihispania. Najua hapo umesimama kidogo. Utajiuliza, mtoto huyu si anakijua miaka yote, si ndiye mkalimani wetu? Subiri, Mama, tutafika huko.

Darasa liko ghorofani, juu ya duka la kinyozi, kila Jumamosi saa nane mchana. Chumba kina madawati manane, ubao uliomeguka kona moja, na dirisha lisilofungika vizuri, kwa hiyo tunajifunza huku mashine ya kunyolea inanguruma chini na harufu ya poda inapanda ngazi. Wanafunzi tuko sita. Ninayekaa naye dawati moja ni dereva wa lori anayependa mpira kupita kiasi. Anajifunza ili awaelewe watangazaji wa mechi za huko, maana anaamini kwamba wanasema mambo matamu ambayo sisi tunanyimwa. Mwalimu ni mama mtu mzima aliyestaafu kazi ya kupiga taipu katika ofisi ya ubalozi, na chaki anaishika kama sindano. Ungempenda. Hapendi uzembe hata kidogo.

Miezi mitatu ya kwanza tulikwenda vizuri: salamu, namba, siku za wiki, majina ya vyombo. Kisha mwalimu akatangaza kwamba Jumamosi inayofuata tutaingia kwenye vijineno vya mtendwa, na kwamba hapo ndipo darasa la mwaka jana lilipopungua kutoka watu kumi hadi wanne. Vijineno vyenyewe ni vidogo, Mama, herufi mbili, tatu basi: me, te, lo, la, le, nos. Ndivyo vinavyosema nani anatendewa. Mimi nilikuwa nimeshaviona vimetapakaa kila mahali, na nilivichukia. Unakumbuka ulivyokuwa ukinikataza kufagia sakafu kabla gauni halijaisha, kwa sababu kipande kidogo chini ya meza huenda ndicho kola? Basi kwenye Kihispania mimi nilikuwa mfagiaji. Nilitafuta kwenye kamusi maneno makubwa tu, daktari, nyumba, mwana, na vile vidogo nikaviruka vyote.

Jumamosi hiyo dereva alikuja amenuna kabisa. Mwalimu aliandika ubaoni maneno mawili, La veo, akatueleza kwamba maana yake namwona, yaani namwona mwanamke fulani, na kwamba huyo mwanamke ndiye la, naye amewekwa mbele ya kitendo. Dereva akasema hawa watu wana mambo. Mtu mwenye akili timamu, alisema, hutaja kwanza anachofanya, halafu ndiyo amtaje anayefanyiwa. Mwalimu hakubishana naye. Alimwuliza tu kama alipokuwa akipanda ngazi alimwona kinyozi. Dereva akajibu kwamba ndiyo, nimemwona. Mwalimu akamwomba arudie, polepole, kipande kwa kipande. Kisha akaliandika neno hilo chini ya yale ya Kihispania, nimemwona, akachukua chaki ya njano, akapiga mstari mmoja chini ya la na mwingine chini ya mw. Akarudi nyuma hatua mbili, akapangusa mikono, akasema kwamba sisi sote humu ndani tumekuwa tukifanya jambo hili tangu tulipoacha kunyonya, na hakuna aliyetukalisha chini kutufundisha.

Mama, sijui nikueleze vipi. Mwili wote ulinisisimka. Niliitazama ile mistari miwili ya njano mpaka machozi yakaanza kunilenga, na sikuona aibu. Watu wa mbali namna ile, ambao sisi hatujawahi kuwaona wala wao kutuona, wanapotaka kusema wanampenda mtu wanamtaja yeye kwanza, kabla hawajalifikia pendo lenyewe. Te quiero. Sisi tunasema nakupenda, na wewe umo humo humo ndani, umekaa katikati, kabla kitendo hakijatamkwa. Neno hilo nimelisema maisha yangu yote na sikuwahi kukuona ulivyokaa mle. Dereva akaanza kucheka peke yake, akihesabu kwa vidole: amenikanyaga, nimewasamehe, atatuua, nikuletee. Alishindwa kuacha. Siku ile hakuna aliyekumbuka mpira.

Tofauti zipo pia, na mwalimu hakutuficha. Sisi ndani ya neno letu tunambeba mmoja tu. Tukisema nimekupa, wewe umo, lakini kitu chenyewe tumekiacha nje mlangoni. Wao hubeba wote wawili, te lo doy, anayepewa mbele na kitu nyuma yake, siku zote kwa mpangilio huo. Nilipenda adabu hiyo. Na wanapomwomba mtu afanye jambo, vile vijineno huhama, vinakwenda kushikilia mkia wa kitendo, na vyote pamoja vinakuwa neno moja refu. Nilishuka ngazi siku ile nikiwa kama mtu aliyeonyeshwa chumba cha ziada katika nyumba aliyozaliwa. Kinyozi alinisalimia na nikampita bila kumjibu, ikabidi nirudi kumwomba radhi.

Sasa nafika mahali pagumu. Sehemu hii nimeiandika mara nne na kuichana mara nne.

Unakumbuka mwaka aliooa kaka huko ng'ambo, alikutumia kile kitabu cha jalada la kijani cha kujifunzia Kihispania, chote Kihispania, chenye picha. Ukanipa mimi, kitinda mimba wako, kwa sababu ulisema ndimi mwenye kichwa chepesi. Nikakariri ukurasa wa salamu, nikawa nazitoa mbele ya wageni, wewe unachekelea, Redio anapiga makofi. Kisha ikaja barua ya kaka, na ndani yake kikaratasi kilichokunjwa mara nne, mwandiko wa mviringo, wa mkweo. Kaka hakukitaja kabisa katika barua yake. Mlinigeukia wote. Neno la kwanza nililijua, Querida, kwa kuwa lilikuwa mwanzo wa barua ya mfano kitabuni, na la pili nikakisia kuwa ni mama mkwe. Yaliyofuata sikuelewa hata moja. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema kwamba sijui. Lakini wewe ulikuwa umeshavua miwani, unasubiri, na uso wako ulikuwa umefunguka wote. Nikavuta pumzi, nikatamka kwamba anakusalimu sana na kwamba mwanao anakula vizuri na amenenepa. Ulilia kwa furaha. Jioni ile ile ukanipa jina la Mkalimani.

Mama, vile vikaratasi sikuwahi kuvisoma. Vyote kumi na kimoja, miaka sita yote. Sikusoma hata kimoja.

Kwamba amejifunza kushona, nilitunga mimi. Kwamba anapenda maua mekundu, mimi. Kwamba ana paka anayelala juu ya redio, mimi pia, na paka yule ulimpenda kiasi kwamba nikaogopa kumwua. Nilipohamia huku kwa ajili ya kazi nilidhani mzigo umenitua, lakini ukaanza kunitumia vikaratasi kwa posta, nami nikawa nakutungia tafsiri wakati wa mapumziko, nimeegemea marundo ya mashati. Na lililo baya zaidi ni majibu yako. Yale uliyoandika kwa Kiswahili chako kizuri, ukaniomba niyageuze na kumpelekea, sikuyageuza, kwa sababu sikuweza. Nilinakili sentensi kutoka kwenye kitabu cha kijani, zile zilizopendeza machoni, nikaandika chini yake kwamba zimetoka kwako. Sasa ndiyo najua nilichokuwa nampelekea. Tunashukuru sana. Sisi hatujambo. Hali ya hewa ni nzuri. Mara moja nilinakili sentensi yenye ile alama yao ya kuuliza inayosimama kichwa chini, miguu juu. Kwenye picha yake kulikuwa na bwana amevua kofia mbele ya askari, nikadhani ni salamu za heshima kubwa. Haikuwa salamu. Bwana yule alikuwa anauliza kituo cha treni kiko wapi.

Siku niliyotoka kwenye lile darasa la chaki ya njano nilikwenda moja kwa moja chumbani kwangu, nikalitoa lile kopo la vifungo ulilonipa, maana vikaratasi nilikuwa nimevificha humo chini ya vifungo. Nilivipanga kitandani kwa tarehe. Mara kadhaa huko nyuma nilikuwa nimejaribu kwa kamusi, nikaambulia rundo la maneno yasiyoshikana, nikavirudisha. Safari hii nilianza na vile vijineno. Na kimoja kimoja, Mama, vikaanza kuniambia nani yuko wapi: huyu ni yeye, huyu ni kaka, huyu ni wewe. Sauti ya mwanamke ikatoka kwenye karatasi ile, mtu kamili, ambaye amekaa kwenye kopo langu miaka sita akisema na wewe. Nilisahau kula. Nilisoma mpaka jua likatoka kitandani likapanda ukutani.

Kikaratasi cha kwanza kinasema kwamba anakuandikia bila kaka kujua, kwa sababu ana haya na anataka mjuane, mwanamke kwa mwanamke. Anasema bahasha huziba yeye, ndiyo maana anapata nafasi ya kuchomeka. Cha pili anakuuliza kaka alikuwa mtoto wa namna gani. Cha tatu, naomba ushike kiti, Mama, anakuambia kwamba kaka anapoteza macho.

Si yote kwa mara moja. Yanafifia kutoka pembeni kuja katikati, kidogo kidogo, kila mwaka. Ile kazi yake ya kutengeneza saa ameshaiacha mwaka wa tatu huu. Sasa anafungasha maboksi katika ghala, kwa kupapasa, na wenzake wanampenda. Anachokiona ni kile kilicho mbele yake kabisa, kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Alimkataza mkewe asikwambie, kwa kuwa aliogopa utaacha kulala. Na wewe uliliona, Mama. Uliniandikia kwamba mwandiko wa kaka siku hizi unapanda mlima, mistari haikai sawa, nami nikakujibu kwamba huenda ana haraka.

Mkweo alikwambia habari hiyo, akakuuliza afanye nini. Mimi nikamjibu, kwa jina lako, kwamba hali ya hewa ni nzuri.

Hapa ndipo ninapoishiwa maneno, siyo ya Kihispania tu, hata ya kwetu. Mtu mwingine angeichana barua ile akaapa kutokuandika tena. Yeye aliandika tena. Anasema alilitafakari jibu lako wiki nzima, akafikia uamuzi kwamba huenda huku kwetu habari nzito haijibiwi uso kwa uso, kwamba mtu mwenye huzuni hutaja mvua na jua na mwenzake akaelewa. Akakuomba radhi kwa kukushtua. Akakusimulia na yeye hali ya hewa ya kwao, mistari sita, upepo na mawingu, kwa uangalifu kabisa, ili akujibu kwa desturi yako. Nilisoma mistari ile nikaweka karatasi usoni. Sijawahi kuona heshima ya namna hiyo, na aliipeleka kwa mtu ambaye hakuwapo.

Kisha akapokea ile sentensi ya bwana wa kofia. Akaelewa kwamba unauliza kituo cha treni kwa sababu unakuja.

Mama, inua macho sasa utazame ukutani, juu ya cherehani. Ile ramani uliyoitia kwenye fremu, iliyokuja pamoja na kikaratasi chake cha kujibu swali hilo, ile niliyokwambia ni mchoro wa nyumba ya mwanao, si nyumba. Ni kituo. Lile duara ambalo kila mgeni unamwonyesha ukisema hili ndilo jiko la mkwe wangu, ni saa kubwa ya kituo. Ule mstari mnene uliosema kitanda chao ni kipana mno kwa watu wawili, ni benchi lililo chini ya saa. Vile vidirisha vingi ni mabehewa. Na yale maneno ya chini, niliyokusomea kwamba ni karibuni nyumbani, na ambayo ameyarudia katika kikaratasi chenyewe, yanasema: nitakusubiri hapa kila Jumapili, mpaka uje.

Alisubiri, Mama. Anaeleza katika kikaratasi kilichofuata, bila kulaumu. Jumapili kumi na saba, amekaa kwenye benchi na kaka pembeni yake. Kaka alipomwuliza wanafanya nini pale alimwambia kwamba amependa tu kutazama treni. Basi kaka, asiyeona mabehewa vizuri, akawa anayahesabu kwa sauti ya magurudumu ili amfurahishe. Jumapili ya kumi na nane mvua ilinyesha kubwa wakakaa nyumbani, na yeye akalia jikoni akidhani ndiyo siku uliyofika.

Kikaratasi cha mwisho ndicho kile cha kurasa mbili ulichonitumia mwezi wa pili, ukanionya nikitafsiri vizuri kwa sababu kina doa la maji. Daktari amewaambia kwamba mwisho wa mwaka huu lile tundu la ufunguo nalo litaziba. Halafu kuna mstari peke yake katikati ya ukurasa: Quiero que la vea. Nataka akuone. Kile kijineno la ni kile kile cha chaki ya njano. Kwao hutumika pia kwa mwanamke unayemheshimu, unapomwambia ana kwa ana. Hapo la ni wewe.

Nilimwandikia kesho yake, Jumapili. Ilinichukua siku nzima kupata ukurasa mmoja. Nilimwambia yote: kitabu cha kijani, paka, fremu, na kwamba wewe hukuwahi kumjibu kwa sababu hukuwahi kusikia anachosema. Nikamwambia kwamba mama yangu si mtu wa kutaja hali ya hewa mtoto wake akiumia. Na mwisho niliweka neno moja tu, lile neno refu lenye vijineno mkiani, Tráiganoslo. Tuletee yeye. Sisi tumo ndani yake, na yeye kaka yumo, wote tumeshikana nyuma ya kitendo kimoja. Nilimpelekea mwalimu aukague ule ukurasa. Alisoma amesimama dirishani, akavua miwani, akaipangusa mpaka mashine ya kinyozi ikamaliza kichwa kizima. Alirekebisha alama moja ndogo juu ya herufi, akanirudishia.

Sikukuuliza kabla ya kutuma, nami naomba radhi kwa hilo pia. Ilikuwa mara nyingine tena nimejibu kwa niaba yako. Lakini hiyo ilikuwa mara ya kwanza nikiwa na hakika ungesema nini.

Jibu lake limefika juzi. Anasema alipoisoma barua yangu alicheka mpaka jirani akagonga ukuta, kisha akalia, kisha akaenda kumweleza kaka kila kitu, vikaratasi, benchi na kila kitu. Jioni kaka aliuliza kama ni kweli mama yake amekuwa akiwaonyesha watu saa ya kituo na kusema ni jiko. Alipoambiwa ni kweli alicheka sana, halafu akasema anataka kuja kuliona jiko hilo yeye mwenyewe. Ruhusa ameshaomba ghalani. Watafika tarehe kumi na mbili ya mwezi ujao, na kutoka uwanja wa ndege watakuja kwako kwa treni. Mimi nitatangulia siku mbili kabla.

Nimevifunga vikaratasi vyote kumi na kimoja ndani ya bahasha hii. Katikati ya mistari nimeandika Kiswahili kwa penseli, maneno makubwa na madogo. Visome taratibu, kimoja kwa siku kama utaweza. Utamkosa yule paka, najua, lakini utampata mkweo. Kama baada ya hapo hutataka kuniona kwa muda, nitaelewa, nitakaa kwa Redio. Hiyo nayo ni adhabu.

Akija kaka, usimwinulie vidole kumwuliza ni vingapi. Simama mbele yake moja kwa moja, penye mwanga, na usiondoke hapo mpaka ashibe. Jishonee gauni la rangi kali, la njano kama unacho kitambaa, ili akutafute kwenye umati akupate bila kushikwa mkono.

Limebaki jambo moja. Mwisho wa barua yake mkweo amekuuliza swali, na amelinakili herufi kwa herufi kutoka kwenye ile karatasi yangu ya zamani, na alama yake kichwa chini, miguu juu: ¿Dónde está la estación? Kituo cha treni kiko wapi? Hilo sitalijibu, Mama. Lijibu wewe kwa mkono wako. Chora kituo chetu kwenye karatasi ile unayokatia mitindo, mlango, reli, na lile benchi la mbao karibu na bomba la maji. Tumia kalamu yako nene ya vipimo na mistari iwe minene kweli, kwa maana kaka amesema ramani hiyo ataisoma mwenyewe. Na kwenye benchi uchore mtu amekaa.

Msalimie Redio na umwambie kwamba safari hii habari yote ni ya kweli, anaweza kuitangaza. Wasalimie majirani wote wa kibarazani, na uipanguse ile fremu, tafadhali usiishushe. Siku hiyo mkweo atakapofungua kinywa nitakuwa katikati yenu, nami nitakupa kila neno kama lilivyo. Nisilolijua, nitasema silijui.

Akupendaye,

Kitinda mimba wako
(lile jina la Mkalimani nimelivua kwa sasa, nitalivaa siku utakayonirudishia)